Uzi: Nimefuata tuta la reli ya magogo iliyokufa, kutoka Tengeni mpaka Sigi milimani Usambara

fundi_wa_keko

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nitauweka kwa vipande, kwa sababu naandika nikishafunga banda.

Mimi ni seremala, nipo Keko hapa Dar. Mwaka jana mteja wa Kariakoo aliniletea mlango wa nyumba ya babu yake, nyumba ilikuwa inabomolewa kupisha ghorofa. Alitaka nimgeuzie mlango uwe meza. Nikaanza kukwangua rangi, ya kijani, chini yake bluu, chini yake nyeupe, mpaka nikakuta mbao yenyewe. Mvule. Ubao mmoja, hauna kiungo, upana inchi 22.

Waliopo kwenye mbao wananielewa. Leo ukienda kununua unapata inchi 6, inchi 8, ukibahatika 12. Ubao wa inchi 22 safi, bila moyo wa mti ndani yake, umetoka kwenye gogo ambalo mtu mmoja akilikumbatia mikono haikutani. Nikapiga hesabu ya kifundi pale pale ubavuni mwa mlango kwa penseli: gogo la kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 4 ni mita za ujazo 3 na kitu. Mti mbichi, kila mita ya ujazo inakaribia tani 1. Kwa hiyo tani 3, zipo kwenye mteremko, kwenye tope, enzi ambayo hakuna lori. Zilishukaje?

Siku ile sikupiga randa tena. Jioni nikamuuliza mzee mmoja wa mtaa wetu, seremala kutoka Tanga, mikono yake imeshachoka sasa hivi anakaa tu kibarazani. Akanijibu kama vile nimeuliza kitu cha kawaida: "Ya kule Amani yaliteremka kwa treni, mwanangu."

Treni Amani? Nimeishi miaka 41 sijawahi kusikia. Ndiyo mwanzo wa safari.

mama_tausi

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

fundi_wa_keko

Naendelea.

Kwanza nitofautishe reli mbili, maana nilipoanza kuulizauliza watu walinichanganya sana. Kuna reli ya Tanga, ile kubwa. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Upana wake ni mita 1 kati ya chuma na chuma. Hiyo bado ipo.

Halafu kuna mtoto wake, ambaye ndiye ninayemwandika hapa. Reli ndogo iliyotoka Tengeni, pale jirani na Muheza, ikaingia milima ya Usambara Mashariki mpaka Sigi, wengine mnaandika Zigi, chini kidogo ya Amani. Urefu kilomita 23 na ushee. Upana wake sentimita 75 tu. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910 na kazi yake kuu ilikuwa magogo. Wakati huo Amani kwenyewe Wajerumani walikuwa wameshafungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo tangu 1902, wanaleta mbegu za dunia nzima wanazijaribu pale. Juu wanapanda miti ya kigeni, chini yake wanakata miti ya wenyewe.

Fikiria huo upana. Sentimita 75. Meza ya ofisi ina kina hicho. Juu ya upana huo ndipo zilipita zile tani 3 zangu.

mstaafu_wa_njia

Kijana, salaam. Nimesoma kwa furaha. Mimi nilifanya kazi ya kutunza njia ya reli miaka 31, sisi tukiitwa watu wa gangi. Naishi Gongo la Mboto sasa.

Nikuongezee jambo moja. Kwa kuwa Sigi ni sentimita 75 na reli ya Tanga ni mita 1, behewa la Sigi haliwezi kuingia reli kubwa hata kwa dua. Maana yake kila gogo lililofika Tengeni lilishushwa, likapakiwa upya. Kazi mara mbili. Ukienda pale tafuta sehemu pana iliyosawazishwa, ndefu kuliko upana, bila shaka ndipo magogo yalipolala kusubiri. Eneo la kupakilia huwa halifichiki, hata nyasi zake huota tofauti kwa sababu udongo ulishindiliwa.

fundi_wa_keko

Shikamoo mzee wangu. Laiti ningekupata kabla sijaondoka! Eneo kama hilo nililipita, nikadhani ni uwanja wa mpira wa zamani. Leo pana migomba.

Nilisafiri Agosti, kukiwa kukavu. Mbezi asubuhi, basi la Tanga, Chalinze, Segera, nikashuka Muheza mchana. Ambaye angependa kwenda kwa treni ajue kwamba treni ya Dar kwenda Moshi na Arusha haifiki Muheza. Inapita njia ya kuunganisha iliyojengwa 1963 kutoka Ruvu, inatokea Mnyusi, halafu inaelekea Korogwe. Muheza inabaki upande wa pili.

Nililala Muheza. Asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Tengeni, na kuanzia hapo ni miguu. Kilomita za mwanzo sitawadanganya, hakuna cha kuona. Machungwa, mkonge, mihogo, nyumba. Tuta linatokea mita 50 linapotea. Mara mbili nililifuata nikaishia kwenye choo cha mtu, nikaomba radhi. Nilipita pia karibu na misaji ya Longuza, nikasimama kidogo kuitazama, macho ya seremala hayana pazia.

Kitu kimoja nilijifunza siku hiyo: usiulize "reli ilipita wapi". Vijana hawajui. Uliza njia ya kupitisha mizigo. Mama mmoja aliyekuwa amejitwika mkungu wa ndizi aliniambia kuna njia mbili za kwenda juu, ya mkato na "ile ya kulala". Ya mkato inavunja magoti. Ile ya kulala ni ndefu lakini hupandi, unatembea tu, na mzigo haukusumbui kichwani. Nikamuuliza kwa nini inaitwa ya kulala. Akasema ndivyo walivyoikuta.

Wakuu, hiyo ndiyo reli. Miaka zaidi ya 100, chuma hakuna, treni hakuna, lakini shingo za wanawake wa pale bado zinajua wapi treni ilipita.

Binti_Bonde

Umenitoa machozi kaka. Mimi ni wa huko huko, nimezaliwa chini ya mlima, sasa hivi nipo Tabata. Hiyo njia nimepita na kuni mara ngapi sijui. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ni reli.

Bibi yangu yupo hai na kizingiti cha mlango wake ni kipande cha chuma kama bati nene lililokunjwa, kina matundu. Tulikuwa tunaambiwa ni "chuma cha Mjerumani". Hilo linaweza kuwa nini?

fundi_wa_keko

Dada subiri, nakuja huko, maana hata mimi nilikuta kimoja na kilinishinda.

Siku ya pili nilikuwa na kijana mwenyeji anayeongoza wageni. Tulikuwa tumeshaingia mlimani. Pale tuta linaanza kuonekana vizuri, upande mmoja mlima umechongwa, upande wa pili udongo umejazwa na kushindiliwa, katikati panatembeleka. Mimi nilikuwa nimebeba mpira wa maji, ule mwembamba wa kuonyesha ndani tunaotumia kupimia usawa wa msingi. Kijana alishangaa. Nikamwambia shika ncha hii, mimi nitakwenda mbele mita 10. Tukapima sehemu tano mbalimbali. Zote tano, kupanda kwake kulikuwa kati ya sentimita 27 na 33 kwa mita 10. Yaani mita 3 kwa kila mita 100, na haibadiliki, kona au hakuna kona, mwamba au udongo. Njia ya mkato pembeni yake nilipima mara moja tu nikaacha, mpira wenyewe haukutosha urefu.

Nimejenga mapaa na ngazi miaka 20. Kushika mwinuko mmoja kwenye chumba kimoja tu ni kazi. Hawa waliushika msituni, kwenye mvua, juu ya mawe.

Kisha tukafika kwenye mkato wa mwamba. Hapo nilikaa saa nzima. Ukuta wa jiwe, kijani kwa ukungu wa miti, na juu yake mistari iliyosimama wima, kama mtu amekandamiza fimbo kwenye udongo wa mfinyanzi halafu akaitoa. Nikapangusa ukungu. Ni nusu ya tundu. Mviringo umekatwa katikati kwa urefu wake, nusu imebaki kwenye ukuta, nusu imeondoka na jiwe lililolipuliwa. Kidole changu cha shahada kiliingia ndani kikalala humo vizuri, na ndani hapakuwa laini. Kuna mikwaruzo midogo midogo inayozunguka, mmoja juu ya mwingine, mpaka chini. Nilihesabu matundu 14 kwenye ukuta wa hatua zangu tisa.

Mzee mstaafu, naomba utueleze hapa.

mstaafu_wa_njia

Hayo ni matundu ya baruti yaliyochimbwa kwa mkono. Mtu mmoja anachuchumaa ameshika mtaimbo wenye ncha ya tindo, mwenzake anapiga kwa nyundo kubwa. Kila pigo moja, aliyeshika anauzungusha mtaimbo kidogo. Asipouzungusha unakwama, na tundu halitoki mviringo. Hiyo mikwaruzo uliyoigusa kwa kidole, kila mmoja ni pigo moja la nyundo. Wakifika kina wanachokitaka wanakwangua unga wa jiwe, wanashindilia baruti, wanakimbia.

Aliyeshika mtaimbo ndiye aliyekuwa hatarini. Nyundo ikikosea inakwenda kwenye vidole au kwenye uso. Wakati wangu tulikuwa na mashine, lakini wazee walionifundisha kazi walikuwa wameshika mtaimbo. Mmoja alikuwa na vidole saba.

Angalia jambo lingine ukirudi. Upande wa mlima lazima pana mfereji. Adui wa reli ni maji, si mzigo. Kama ule mfereji bado unapitisha maji, tuta litakuwa zima. Ukiona tuta limekatika, panda juu kidogo utakuta mfereji umeziba.

fundi_wa_keko

Mzee, ni hivyo hivyo ulivyosema. Sehemu tatu tulizokuta tuta limekatika, juu yake mfereji ulikuwa umejaa majani na udongo. Na sehemu moja mfereji umejengwa kwa mawe, maji yanatiririka ndani yake mpaka leo, yanaingia kwenye kalavati la mawe chini ya tuta na kutokea upande wa pili. Nililala kifudifudi nikachungulia. Mawe ya juu yamekaa kama tao, hayana hata ufa. Mizizi ya mkuyu imepita kwenye kiungo kimoja tu, na hata hapo jiwe halijasogea.

kachero_wa_hazina

Mkuu, hukuona alama yoyote? Mshale, msalaba, jiwe lenye namba? Mjerumani alipokimbia 1916 aliacha vitu. Mwenye kujua anaelewa.

fundi_wa_keko

Ndugu yangu nitakujibu kwa upole lakini naumia. Kalavati jingine, umbali wa nusu saa kutoka lile nililoeleza, tulilikuta limechimbwa. Watu walitafuta hizo alama, wakang'oa mawe ya mdomo, wakachimba mpaka chini ya msingi. Hawakupata kitu, mwenyeji wangu anawajua. Masika iliyofuata maji yakapita nje, yakabeba tuta lote na mgomba wa watu na sehemu ya ile njia ya kulala. Sasa akina mama wanazunguka kwa juu.

mstaafu_wa_njia

Naunga mkono. Jiwe lenye namba kwenye reli ni alama ya kilomita au ya mpaka wa eneo la gangi. Tulikuwa tunayapaka chokaa wenyewe kila mwaka. Na dhahabu ya Mjerumani inayojulikana ilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916, sarafu za rupia 15. Zilikuwa za kulipia gharama za vita. Hakuna mtu aliyezipeleka Sigi kuzizika chini ya kalavati.

Mwangati

Wakuu mimi ni Msambaa wa Shume, niko Mbagala. Mkizungumzia mbao na Mjerumani msisahau upande wetu wa Usambara Magharibi. Kwetu mlima ulikuwa mkali hata reli ikashindwa, wakaweka waya.

Kutoka msitu wa Shume mpaka Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, walijenga njia ya waya ya kampuni ya Bleichert kutoka Leipzig. Kama kilomita 9, na kati ya juu na chini tofauti ni mita 1,500 hivi. Waya unapita juu ya mabonde, sehemu moja unakwenda karibu mita 900 bila nguzo hata moja. Uzuri wake ni kwamba mzigo unashuka kwa uzito wake na huo huo unapandisha vitoroli vitupu, kazi ya mashine inakuwa kuzuia tu. Mti waliokuwa wanautaka ni mwangati, ndiyo jina langu humu. Harufu yake mnaijua. Ni mti laini, unachongeka bila kupasuka, ndiyo maana ulipendwa kwa penseli.

Babu zetu hawakwenda kwa kupenda. Kodi ilikuwepo, na katika wilaya ya Lushoto, enzi hizo ikiitwa Wilhelmstal, kila mwanamume alipewa kipande: siku 30 za kazi kwa mzungu kila miezi minne, kila siku inatiwa alama. Usipokijaza unapelekwa kazi ya serikali kwa nguvu. Neno kipande tunalitumia mpaka leo, tunasema kirahisi tu.

fundi_wa_keko

Asante sana Mwangati. Hili la kipande nimelifikiria sana tangu ulipoandika jana. Kwa sababu mimi nilipoona yale matundu 14 nilisema "Mjerumani alijenga". Kila mtu anasema hivyo, hata mimi nimesema hivyo juu kabisa kwenye uzi huu. Mjerumani alichora. Vidole vilivyozungusha mtaimbo si vyake. Walikuwemo watu wa pale pale, Wabondei na Wasambaa, na kuna Wanyamwezi waliotembea kwa miguu kutoka bara kuja kufanya kazi za mashamba ya Usambara. Majina ya mainjinia yanaweza kupatikana. Hao wengine alama yao ni ile mikwaruzo ndani ya tundu, na unaweza kuigusa.

Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu kwa kweli. Sio utalii. Nataka njia hii ipitiwe yote, kilomita zote 23, ipigwe picha na kuandikwa kipande kwa kipande, wakati wale wanaojua "ya kulala" iko wapi bado wapo. Mwenyeji wangu ana miaka 26, na kuna sehemu mbili ilibidi tumfuate babu yake shambani atuonyeshe. Babu alitembea mbele yetu na fimbo yake, hakuuliza chochote, akafika kwenye kichaka akasema, "Hapa palikuwa na daraja," akasukuma majani kwa fimbo na ukuta wa mawe ukatokea.

injinia_mtoto

Mkuu hii mada imenigusa, nasoma uhandisi mitambo. Reli za namna hii zilikuwepo dunia nzima penye milima na miti. Marekani kulikuwa na injini za Shay, zilizobuniwa na Ephraim Shay wa Michigan, hataza yake ni ya 1881. Badala ya fimbo za kawaida ina mhimili ubavuni wenye gia unaozungusha magurudumu yote, kwa hiyo inapanda taratibu lakini haitelezi. Taiwan nako, reli ya Alishan, Wajapani waliijenga kwa ajili ya magogo, ikafunguliwa 1912, geji, yaani upana kati ya chuma na chuma, milimita 762, karibu sawa na hii yetu. Walitumia Shay hizo hizo. Ile bado inatembea, watu wanapanda kwenda kuona jua likichomoza.

Swali langu: magogo yalikuwa yanashuka au yanapanda? Maana kama yanashuka, mwinuko wa 3 kwa 100 ni tatizo la breki.

mstaafu_wa_njia

Yanashuka, mwanangu. Treni tupu inapanda, treni nzito inateremka. Umeuliza vizuri. Chuma juu ya chuma huteleza, na reli ikilowa au majani yakianguka juu yake ni kama sabuni. Ndiyo maana injini hubeba mchanga, dereva anaumwaga mbele ya magurudumu. Sisi watu wa njia tulikuwa tunafagia majani msimu wa upepo. Watu wakicheka kwamba tunafagia reli, hawajui.

fundi_wa_keko

Kipande cha mwisho cha safari. Siku ya tatu tulifika Sigi.

Hapo ndipo lango la hifadhi ya Amani, ipo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, msijaribu kuingia kienyeji. Na ofisi ya habari unayopokelewa, wakuu, ile nyumba yenyewe ndiyo ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi. Imekarabatiwa, imesimama. Nilivua kofia.

Reli iliishia hapo. Kuna watu huwa wanadai ilipanda mpaka Amani, hapana. Amani iko kwenye mita 900 kutoka usawa wa bahari, Sigi iko kama nusu ya hapo, na kilichobaki kilipandwa kwa barabara. Nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza mto Zigi. Maji yale yale ndiyo wanayokunywa watu wa mjini Tanga, yanakingwa bwawa la Mabayani. Niliona mtambara mmoja mnene, nikaushika. Nimepasua na kupiga randa miti mingi, lakini mtambara uliosimama sikuwahi kuushika.

Vita vilipofika huku 1916 Wajerumani waliondoka na mali zao zikataifishwa na Mwingereza. Miti mikubwa ya karibu na reli ilikuwa imeshakatwa, na baadaye malori yakaja. Uvunaji uliendelea kwa miaka mingi, kuna wakati kwa mitambo mikubwa kabisa, mpaka miaka ya 1980 ulipositishwa. Hifadhi ikatangazwa 1997.

Sasa dada Binti Bonde, chuma chako. Nilikuta kimoja kama hicho kimelazwa juu ya mfereji kama kivuko. Bati nene lililoinama pande mbili kama mtumbwi uliopinduliwa, kina matundu manne, mawili kila upande. Nikasema hili ni taruma la chuma, kile kinacholazwa chini na reli mbili zinafungwa juu yake, nikatoa futi nipime kama ni sentimita 75. Matundu ya ndani, kati yake sentimita 69. Matundu ya nje, 89. Hakuna 75 popote! Nikaondoka nimenyong'onyea. Sikulichukua, lipo pale pale.

mstaafu_wa_njia

Fundi, ulipima vizuri ila hukumaliza hesabu. Geji haipimwi kwenye matundu. Inapimwa kati ya nyuso za ndani za vichwa vya reli. Kila reli inakaa katikati ya matundu yake mawili. Kwa hiyo chukua 69 na 89, jumlisha, gawa kwa mbili. Unapata 79. Huo ni umbali kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine. Sasa toa upana wa kichwa kimoja cha reli. Reli nyepesi za aina hiyo kichwa ni kama sentimita 4.

Sabini na tisa toa nne.

fundi_wa_keko

Mzee wangu. 75.

Nimesimama hapa bandani nimeshika simu, vijana wananiuliza kuna nini.

Binti_Bonde

Nimempigia binamu yangu akapime kizingiti cha bibi. Matundu ya ndani 93, ya nje 119. Urefu wote karibu mita 2.

mstaafu_wa_njia

93 na 119, nusu yake 106. Hiyo reli ni nene, kichwa kama 6. Inabaki 100. Samahani binti yangu, hilo ni taruma la reli kubwa ya Tanga, si la Sigi. Hata urefu unasema hivyo, la Sigi halifiki mita moja na nusu.

Binti_Bonde

Nimemwambia bibi kwa simu. Nilidhani atasikitika. Amenijibu, "Najua. Hilo babu yenu alilipata Muheza stesheni. Mafupi ndiyo ya Sigi, yako matatu mtoni, juu yake ndipo tunapofulia."

Binamu anakwenda kesho asubuhi na futi.

mstaafu_wa_njia

Mwambie apime asubuhi maji yakiwa chini, na ajaribu kusoma kama kuna maandishi ubavuni, asugue kwa mchanga, asitumie tindo. Fundi, ukienda tena nichukue. Magoti yangu yanaweza ile ya kulala.

fundi_wa_keko

Tunakwenda wote mzee. Jumamosi ya kwanza ya Septemba, tukutane Mbezi saa 11 alfajiri. Nitabeba mpira wa maji mrefu zaidi.